Joseph Dutton, daktari aliyekufa Kasongo akimtafuta kiumbe asiyeonekana kwa macho

Wakaaji wa komini ya Shituru, mjini Likasi, wanaijua vizuri safari ya shaba. Mawe yenye madini husagwa, huloweshwa katika asidi, kisha umeme huitoa shaba safi ikiwa mabamba. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi hiyo mwaka 1929. Baadaye mabamba hayo huyeyushwa na kuvutwa kuwa nyaya. Chukua waya mmoja wenye unene wa milimita 1, kama ule ambao kila fundi wa umeme ameushika. Kama ungeweza kupanga juu yake bakteria wa homa ya papasi, ubavu kwa ubavu, wangehitajika kati ya 2,000 na 5,000 ili kuufunika kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Bakteria huyo mwembamba ndiye aliyemuua Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza, tarehe 27 Februari 1905 huko Kasongo, katika jimbo ambalo leo ni Maniema. Alikuwa na umri wa miaka 30. Kasongo iko zaidi ya kilometa 700 kaskazini mwa Likasi. Maji ya mto Lufira, unaopita upande wa Likasi, huingia Lualaba na kupita karibu na mji huo alikozikwa.

Dutton hakuja Kongo kutafuta homa ya papasi. Alitumwa kuchunguza ugonjwa mwingine, malale. Lakini kazi aliyoifanya katika miezi yake ya mwisho, akiwa pamoja na rafiki yake John Lancelot Todd, ilibadili namna ya kupambana na homa iliyowasumbua wasafiri, wapagazi na wafanyakazi katika mashariki yote ya Kongo.

Kijana wa Liverpool

Dutton alizaliwa mwezi wa Septemba 1874 katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Alisoma katika shule ya King's mjini Chester, kisha akaenda Liverpool kusomea udaktari. Alimaliza mwaka 1897.

Liverpool ya siku zile ilikuwa mji wa bandari, na utajiri wake ulitoka kwa sehemu kubwa katika biashara na Afrika ya Magharibi. Meli zilirudi na mafuta ya mawese, na pia na mabaharia wagonjwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1898, wafanyabiashara wa mji huo walisaidia kuanzisha shule ya magonjwa ya nchi za joto. Shule ilikuwa changa, na iliwatuma vijana wake Afrika wakiwa na hadubini, vioo vya kupimia damu na madaftari.

Mwaka 1900 Dutton alikwenda kusini mwa Nigeria pamoja na madaktari Annett na Elliott. Walichunguza malaria na ugonjwa wa minyoo midogo ya damu ambao mwishowe huvimbisha miguu, yaani matende. Huko Dutton alijifunza kukaa na hadubini kwa masaa mengi, akitazama tone la damu mpaka kitu kitikisike ndani yake.

Gambia, mwaka 1901

Safari yake ya pili ilikuwa Gambia. Daktari wa huko, Robert Forde, alikuwa na mgonjwa Mzungu, nahodha wa meli ya mtoni, aliyekuwa na homa isiyoeleweka. Kinini haikumsaidia. Forde alikuwa ameona ndani ya damu yake vitu vinavyojipinda kama minyoo, lakini hakujua ni nini.

Dutton alitazama na akatambua. Hawakuwa minyoo. Walikuwa viumbe wa seli moja, wa jamii ambayo ilijulikana tayari katika wanyama wanaougua nagana. Mwaka 1902 aliwapa jina Trypanosoma gambiense. Ilikuwa mara ya kwanza kwa viumbe hao kutambuliwa waziwazi katika damu ya mtu.

Muda mfupi baadaye, huko Entebbe, Uganda, Aldo Castellani na David Bruce waliunganisha viumbe hao na malale pamoja na mbung'o, ambaye wengi humwita tse-tse. Ugonjwa huo ulikuwa unaua watu kwa maelfu kandokando ya ziwa Victoria. Nchini Kongo ulikuwa ukipanda pamoja na mito.

Katika Kongo ya Leopold

Mwaka 1903 shule ya Liverpool ilimtuma Dutton katika Dola Huru la Kongo, nchi iliyokuwa chini ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Walikwenda naye Todd, daktari kutoka Kanada, na Cuthbert Christy. Mwaka uliofuata Christy aliondoka, na Dutton na Todd wakaendelea wawili tu.

Waliingia katika nchi yenye majeraha. Watu walilazimishwa kutoa mpira wa msituni, kubeba mizigo na kuhama vijiji. Kuhamishwa huko na njaa iliyofuata kulisaidia malale kuenea. Madaktari hao wawili walikuwa wageni wa serikali iliyoleta sehemu ya maafa hayo, na safari yao ilitegemea migongo ya wapagazi ambao hesabu za safari hazikuwatunzia majina. Masanduku ya vioo, hadubini, vizimba vya nyani na chakula vilibebwa na watu hao kutoka kituo hadi kituo.

Kutoka Boma walikwenda Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kisha wakapanda mto. Kila walipofika walipima watu, wakatazama tezi za shingo na damu, wakaandika. Mwishoni mwa mwaka 1904 walifika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Hapo waliona wazi jambo lililokuwa likizungumzwa tangu zamani na watu wa mashariki: kuna homa inayotoka kwa papasi.

Mnyama ambaye kila mtu alimjua

Papasi, ambaye sehemu nyingi za Kongo huitwa kimputu, hakuwa siri. Ni jamii ya kupe mwenye ngozi laini ya kijivu. Mkubwa wake hufikia karibu sentimita 1, kama punje ya mahindi. Mchana anajificha katika nyufa za ukuta wa udongo, chini ya mkeka au katika vumbi la sakafu. Usiku anatoka, ananyonya damu kwa muda wa nusu saa hivi, kisha anarudi mafichoni kabla mtu hajaamka. Anaweza kukaa miaka bila kula.

Wenyeji walijua kwamba kuumwa naye huleta ugonjwa. David Livingstone alikuwa ameandika juu ya mdudu huyo katika kitabu chake cha mwaka 1857. Lakini kwa madaktari wengi wa Ulaya hayo yalikuwa maneno ya njiani. Wengine walidhani ni malaria tu. Wengine walifikiri ni sumu ya mdudu mwenyewe.

Dutton na Todd waliamua kupima. Walichukua damu ya watu waliokuwa na homa hiyo na kuitazama. Ndani yake waliona nyuzi nyembamba sana zilizojizungusha kama skurubu, zikienda mbele na kurudi nyuma kati ya chembe nyekundu za damu. Kisha walikusanya papasi kutoka katika nyumba za watu na kuwaacha wawaume nyani. Nyani wakapata homa, na nyuzi zilezile zikaonekana katika damu yao.

Jaribio lingine lilikuwa la kutisha zaidi. Walichukua mayai yaliyotagwa na papasi wenye ugonjwa, wakangoja yaanguliwe. Watoto hao wa papasi, ambao hawakuwa wamemnyonya mgonjwa yeyote, nao waliweza kumwambukiza nyani. Maana yake ni kwamba nyumba inaweza kubaki na ugonjwa hata kama mgonjwa wa mwisho ameshaondoka. Mama papasi anawaachia watoto wake urithi huo.

Wakati uleule Philip Ross na Arthur Milne walikuwa wamefikia jambo hilohilo Uganda, na habari yao ilitoka mwishoni mwa 1904. Robert Koch, Mjerumani maarufu aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, aliichunguza homa hiyo katika Tanganyika mwaka 1905, kandokando ya njia za misafara, na aliwaona bakteria hao hata ndani ya mayai ya papasi. Watu wa sehemu tatu mbalimbali walifikia jawabu moja, lakini ni Dutton aliyelipa kwa maisha yake.

Kasongo, Februari 1905

Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Waswahili tangu siku za Tippu Tip, kabla majeshi ya Leopold hayajauteka mwaka 1893. Ilikuwa njia panda ya misafara. Na pale misafara inapolala, papasi naye hukaa, kwa sababu kila usiku analetewa damu mpya.

Dutton na Todd waliugua wote wawili homa waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona. Dutton hakupona. Alizikwa Kasongo. Todd, akiwa peke yake sasa, alikusanya madaftari na kuendelea na safari. Taarifa ya kazi yao juu ya homa ya papasi katika mashariki ya Kongo ilichapishwa mwaka huohuo 1905, yenye majina yao wote wawili. Mwaka 1906 bakteria huyo alipewa jina la marehemu. Leo anaitwa Borrelia duttonii.

Udogo unaopimwa na ukubwa unaoshangaza

Ili kuelewa alichokifanya Dutton, inafaa kujua alikuwa akitafuta kitu cha ukubwa gani. Wanasayansi hupima bakteria kwa mikromita. Milimita 1 ina mikromita 1,000. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8. Borrelia duttonii ana urefu wa mikromita 10 hadi 30, lakini unene wake ni kati ya 0.2 na 0.5 tu.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Hadubini inayotumia mwanga wa kawaida haiwezi kutenganisha vizuri vitu vilivyo chini ya mikromita 0.2. Kwa unene wake, bakteria wa papasi yuko karibu kabisa na mpaka huo. Dutton aliweza kumwona kwa sababu ni mrefu na anajipindapinda. Angekuwa mfupi kama alivyo mwembamba, huenda angepita bila kuonekana.

Wapo wanaomkaribia kwa udogo. Bakteria wa jamii ya mikoplasma, ambao mmoja wao huleta homa ya mapafu ya ng'ombe inayojulikana na wafugaji wa Kivu na Ituri, baadhi yao hawazidi mikromita 0.3. Hawana hata ukuta wa nje ambao bakteria wengine wanao.

Upande wa pili wa kipimo kuna majitu. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza bakteria waliyempata juu ya majani yaliyooza katika mikoko ya kisiwa cha Guadeloupe, katika bahari ya Karibi. Jina lake ni Thiomargarita magnifica. Anaonekana kwa macho matupu kama uzi mweupe. Kwa kawaida ana urefu wa karibu sentimita 1, na wengine hufikia sentimita 2. Kwa maneno mengine, bakteria mmoja anaweza kuwa mrefu kuliko papasi mzima. Chakula chake kinatokana na salfa, kitu kilekile ambacho viwanda vya shaba hugeuza kuwa asidi.

Kwa nini bakteria wengi ni wadogo namna hii? Hawana moyo wala mishipa. Chakula kinaingia kupitia ngozi yao ya nje na kusambaa chenyewe ndani. Njia hiyo inafanya kazi kwa umbali mfupi tu. Jitu la Guadeloupe limepata ujanja: sehemu kubwa ya mwili wake ni mfuko wa maji, na sehemu iliyo hai imebanwa kuwa tabaka jembamba pembeni. Kwa hiyo hata jitu hilo, kwa ndani, linaishi kama kiumbe kidogo.

Jitu hilo halijulikani kumdhuru mtu yeyote, wakati uzi ambao hadubini inauona kwa shida ulimwangusha daktari wa miaka 30. Ukubwa wa kiumbe hausemi lolote juu ya hatari yake. Kinachotia hatari ni mahali anapoingia na anavyojificha. Borrelia duttonii hubadili koti lake la nje. Mwili unapolitambua koti la kwanza na kuua wengi, wachache wenye koti jipya hubaki, wanazaana, na homa inarudi baada ya siku kadhaa. Ndiyo sababu Wafaransa huiita homa ya kurudiarudia.

Kupigana na anayeonekana

Mchango mkubwa wa Dutton hauko katika kumwona bakteria peke yake. Mjini Berlin, Otto Obermeier alikuwa ameona bakteria wa jamii hiyo katika damu ya wagonjwa na kutangaza habari hiyo mwaka 1873. Jambo jipya lilikuwa kumfunga bakteria huyo na mnyama ambaye kila mtu anaweza kumwona. Hakuna anayeweza kufagia Borrelia. Lakini papasi anaweza kufagiwa, kuchomwa, kuzibiwa nyufa na kunyimwa maficho. Vita vilihamishwa kutoka ukubwa ambao jicho haliufikii hadi ukubwa wa punje ya mahindi.

Maana ya jambo hilo ilionekana baadaye katika miji ya madini. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Dutton. Ilitafuta wafanyakazi mbali: Lomami, Maniema, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini. Watu walisafiri na mikeka, vikapu na mablanketi, na papasi anaweza kusafiri ndani ya vitu hivyo. Tena, mtu aliyeumwa na papasi tangu utoto mara nyingi huvumilia homa hiyo, lakini mgeni anayekutana nayo mara ya kwanza huanguka vibaya. Kambi inayowakusanya watu wa pande zote ni mahali pazuri kwa ugonjwa kama huo.

Kuanzia miaka ya 1920, kampuni ilianza kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao katika kambi za nyumba za matofali. Haikufanya hivyo kwa huruma tu. Mfanyakazi mgonjwa hakuleta faida, na kambi zilikuwa pia njia ya kumchunga. Lakini kwa papasi, ukuta uliopigwa lipu na sakafu ngumu ni jangwa. Hapati ufa wa kujificha wala vumbi la kutagia. Katika miji kama Likasi, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Jadotville, na katika kambi zilizozunguka viwanda kama Shituru, aina ya nyumba ilikuwa dawa kabla ya dawa zenyewe kupatikana.

Homa ambayo bado ipo

Leo homa ya papasi inatibika. Antibiotiki za kawaida, kama tetrasikilini na doksisikilini, huwaua bakteria hao. Lakini ugonjwa haujaisha Afrika ya Mashariki na ya Kati. Bado unapatikana vijijini, katika nyumba za udongo zenye nyufa. Wanaoumia zaidi ni wanawake wenye mimba na watoto wachanga: mimba inaweza kuharibika, na mtoto anaweza kufa siku chache baada ya kuzaliwa.

Tatizo moja linafanana na lile la mwaka 1904. Homa hiyo inaanza kama malaria: baridi, kichwa kuuma, viungo kuuma, kutapika. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumiwa katika vituo vya afya hutafuta malaria tu. Hakiwezi kumwonyesha Borrelia. Anayeweza kumwona ni fundi wa maabara mwenye hadubini, akitazama tone la damu lililochukuliwa wakati homa imepanda, kama alivyofanya Dutton. Mgonjwa ambaye kipimo kinasema hana malaria, na homa yake inaondoka kisha inarudi, anastahili kuombewa kipimo hicho, hasa akiwa amelala katika nyumba yenye papasi.

Huko Liverpool, jina la Dutton lilipewa kiti cha ualimu wa elimu ya wadudu, na Robert Newstead alikuwa wa kwanza kukikalia, mwaka 1911. Kasongo ilibaki na kaburi lake. Na kila mara fundi wa maabara, awe Kasongo au Likasi, anapoandika kwenye karatasi ya mgonjwa jina la uzi ule mwembamba aliouona, anaandika pia jina la kijana aliyekufa akiwa amejua tayari ni nani anayemuua.